Nimeamua kumfuata Kristo, lakini naogopa wa kwetu na wa kazini watanikataa

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mwalimu, na shikamoo. Nina miaka 26, nimepanga chumba Mabatini na ninamtunzia hesabu tajiri mmoja wa dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Tangu Pasaka nimeamua kumfuata Kristo kwa kweli, lakini nasali kwa kujificha. Kazini, tajiri hutoa pesa za mganga kila giza linapoanza, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa, na hutaka niwaambie wateja kwamba dagaa wa mchanga, walioanikwa chini, ni wa chanja, yaani walioanikwa juu ya vichanja. Kwetu Sengerema, baba mkubwa ameitisha tambiko la ukoo mwezi ujao na kila mtu amepangiwa mchango wa Sh 30,000. Rafiki zangu nao wananiita mlokole na kunicheka. Naogopa kufukuzwa kazi, na naogopa kuonekana nimeuasi ukoo. Nianzie wapi?

JIBU: Amina, na marahaba, mwanangu. Anza na mtu mmoja, wiki hii, kabla siku ya tambiko haijafika.

Nasema hivyo kwa sababu walio wengi hungoja siku yenyewe. Mtu anafika nyumbani asubuhi, mbuzi amekwisha fungwa, wazee wamekaa, wageni wamejaa uani, ndipo anatamka kwamba yeye hashiriki, ameokoka. Hapo ukoo hausikii habari za Kristo hata kidogo. Unasikia kwamba binti amewaaibisha wazee mbele za watu. Naye anarudi mjini akiamini amekataliwa kwa ajili ya Yesu, kumbe kilichowaumiza ni kuchelewa kwake kusema na mahali alipochagua kusemea. Kukataliwa kwa ajili ya Kristo kupo, na nitafika huko, lakini sehemu kubwa ya tunachokiogopa inaweza kuepukwa kwa adabu na kwa kusema mapema.

Tazama alivyoanguka Petro. Jioni ileile alikuwa ameapa mbele ya wenzake kwamba yuko tayari kufa. Usiku hakuulizwa na Pilato wala na kuhani mkuu. Aliulizwa na kijakazi mlangoni, kisha na watu waliokuwa wakiota moto wa makaa uani. Maswali yalikuwa madogo, ya watu wadogo, naye hakuwa na jibu dogo la kuwapa. Alikuwa amejiandaa kwa upanga tu. Nawe ndivyo utakavyojaribiwa. Hakuna atakayekuburuza barazani. Mwenzako atakuuliza mkiwa mnakula, "Eti siku hizi umekuwa mlokole?", na una nukta mbili tatu za kujibu. Usipokuwa na maneno tayari, mdomo utacheka wenyewe na kusema, "Aa, wapi!"

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutengeneza maneno yako. Yawe mafupi, ya nusu dakika, na yabebe mambo matatu: nini kimetokea, nini kitabaki kama kilivyokuwa, na nini hutafanya tena. Mfano: "Tangu Pasaka nimeamua kumfuata Yesu. Bado ni mimi yuleyule, nitaendelea kukupigia na kuja nyumbani. Ila yapo mambo machache sitayafanya tena, na kila likitokea nitakuambia mapema ili lisikukute ghafla." Yaseme kwa sauti ukiwa peke yako mara tano au sita, mpaka yasikike kama maneno yako na si ya mhubiri. Ukiyafikiria tu kichwani hayatakusaidia siku hiyo, kwa sababu hofu hukausha koo, na neno ambalo mdomo haujawahi kulitamka halitoki koo likiwa kavu.

Kosa linaloharibu zaidi ni kuongeza jambo la nne, yaani hukumu juu ya anayekusikiliza: "Na ninyi mnaoendelea na hayo mtaona." Jambo hilo hujipenyeza lenyewe mtu anapoogopa, maana hofu hupenda kujigeuza ukali. Petro huyohuyo, alipokwisha kukomaa, aliandika katika waraka wake wa kwanza, 3:15, kwamba tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini letu, lakini kwa upole na kwa hofu. Wengi tunaushika mwanzo wa mstari ule na kuusahau mwisho wake. Ukijikuta unataka kuongeza la nne, nyamaza.

Mtu wa kwanza asiwe mkali kuliko wote. Mchague anayekupenda tayari na asiyeweza kukutangaza: shangazi, dada, au rafiki mmoja kati ya hao wanaokucheka, yule anayecheka kwa kufuata wenzake. Msemee ana kwa ana, wawili tu, ikiwezekana mikono yenu ikiwa na kazi, kwa mfano mnachambua mchele au mnafua. Macho yanapokuwa kwenye kazi, maneno mazito hupita kwa urahisi. Usitume ujumbe kwenye kundi la ukoo. Ujumbe hauna sauti wala uso, kila mtu ataupa ukali wake, na kesho yake utakuwa umefika kwa baba mkubwa kabla yako.

Sasa tambiko, maana naona hapa ndipo pazito. Kwanza tenganisha mambo yaliyofungwa pamoja. Kuitwa nyumbani, kupiga goti kuwasalimia wazee, kusikiliza majina ya mababu yakitajwa, kufagia makaburi, kula pamoja na ndugu ambao hamjaonana mwaka mzima: hayo ni heshima na undugu, na amri ya kuwaheshimu baba na mama inakudai uyatimize. Kuomba mizimu iondoe mikosi, kumwaga pombe au unga kwa ajili yao, kupakwa au kufungwa kitu kama kinga: hapo unaombwa umtegemee mwingine badala ya Mungu, na hapo ndipo unasimama. Ukichanganya yote na kuyaita ya shetani, utakuwa umewatukana wazee kwa mambo ambayo Mungu hajayakataza. Kule Bujora, Kisesa, Padri David Clement alizipa ngoma na sanaa za Wasukuma nafasi ndani ya maisha ya Kanisa, na ngoma za Bulabo huchezwa karibu na sikukuu ya Ekaristi. Usukuma wako na Ukristo wako havigombani katika kila jambo, na ni vizuri baba mkubwa alisikie hilo kinywani mwako.

Nenda kwake wiki mbili au tatu kabla. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, Sengerema ni safari ya kwenda na kurudi siku moja. Usiende moja kwa moja. Pitia kwanza kwa mama au shangazi, umwambie, umwombe akutangulie kwa mzee na neno moja tu: "Binti ana jambo, anakuja kwa heshima." Mzee aliyetaarifiwa huwa ametulia, mzee aliyeshtukizwa hulinda cheo chake kwanza. Beba kitu mkononi kama mtoto yeyote anayerudi kwao, sukari kilo mbili na sabuni zinatosha. Piga goti, mwamkie, muulize hali ya mifugo na mashamba, wala usilifikie jambo lako mpaka akuulize kilichokuleta. Hapo mwambie: "Baba mkubwa, tangu Pasaka namfuata Yesu. Ninyi ni wazazi wangu na siku hiyo nitakuja, nitachota maji, nitapika, nitahudumia wageni. Wakati wa kuomba mizimu sitakuwapo pale, nitakuwa jikoni. Nimekuja kukuambia leo ili siku hiyo usiulizwe jambo usilolijua."

Sentensi hiyo ya mwisho ina uzito kuliko unavyodhani. Shida ya mzee wa ukoo mara nyingi ni kwamba ataulizwa na wenzake, na asipokuwa na jibu anaonekana ameshindwa kuongoza nyumba. Ukimpa jibu mapema, umemlinda. Anaweza kukasirika hata hivyo. Mwache akasirike, usijibizane, usitaje mstari hata mmoja. Kaa, kunywa chai, ondoka kwa ruhusa yake.

Kuhusu mchango: wapo wanaotoa Sh 10,000 badala ya Sh 30,000 wakidhani wamepunguza dhambi, na wapo wasiotoa kitu kabisa. Wote wawili wanawafundisha ndugu zao kwamba kuokoka ni njia ya kubana matumizi. Wewe toa thamani yote uliyopangiwa, na uzidishe kidogo, ila itoe kama chakula cha wageni: mchele kilo 10, mafuta, chumvi, umkabidhi shangazi siku moja kabla na kusema wazi kuwa ni vya kulisha watu. Imani yako isikuletee faida ya fedha machoni pa ukoo.

Na nyama? Paulo aliwajibu Wakorintho swali hilohilo, 1 Wakorintho 10:27-28: kula kilichowekwa mbele yako bila kuuliza-uliza, lakini mtu akikuambia kimetolewa sadaka, acha kwa ajili yake huyo aliyekuambia. Nyama ya mnyama wa tambiko unajua ilikotoka, kwa hiyo iache, ule ugali kwa mboga nyingine bila kutangaza. Makanisa hayaendi sawa katika kuwapo kwenye boma wakati ule. Wengine watakuambia usifike kabisa. Muulize padri au mchungaji wako kabla ya kwenda kwa baba mkubwa, usije ukaahidi kuwapo, kisha ukabadili.

Tukija Mwaloni, umeyataja mambo mawili kana kwamba ni moja. Pesa za mganga ni za tajiri na dhambi ya kuzitoa si yako. Naamani alimwuliza Elisha kuhusu kuingia na bwana wake katika nyumba ya Rimoni, bwana wake akiwa ameuegemea mkono wake, na nabii akamwambia aende kwa amani. Katika daftari ziandike "matumizi binafsi ya tajiri", kiasi halisi, kwa sababu ndivyo zilivyo. Akitaka uandike "mafuta ya injini", mwambie hesabu haitakubaliana na lita mlizonunua, na hiyo ni kweli. Akikutuma upeleke pesa kwa mganga au ubebe dawa ya kufunga kwenye mtumbwi, hapo omba amtume mwingine.

Dagaa ni jambo jingine kabisa, maana pale kinywa kinachodanganya ni chako. Wewe unajua kuliko mimi: dagaa aliyeanikwa mchangani anabeba mchanga hadi kwenye gunia, anaongeza uzito kwenye mizani, na mama wa watu akija kumloweka nyumbani anaukuta mchanga umetuama chini ya beseni. Aliyelipa bei ya chanja ameibiwa. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na hapo hakuna mahali pa kujificha jikoni. Lakini usimwendee tajiri na kukataa kutupu. Mfuate Danieli. Danieli 1 inasema aliazimu moyoni mwake, kisha akamwomba mkuu wa matowashi, kisha akampa msimamizi pendekezo lenye muda: utujaribu siku 10, halafu tazama nyuso zetu. Alijua mkuu yule anaogopa kupoteza kichwa chake kwa mfalme, akatoa njia ambayo haingemgharimu.

Chagua siku za mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzika kwa kuwa taa hazivuti dagaa vizuri mwezi ukiwaka, na tajiri hana presha ya mafuta wala ya wavuvi. Kaa naye baada ya kufunga hesabu, milango ikiwa imefungwa. "Tajiri, naomba giza hili linalokuja niuze kwa madaraja mawili. Magunia ya chanja nayaweka upande huu kwa bei yake, ya mchanga upande ule kwa bei yake, na mteja namwambia kweli. Mwezi ukiisha tuangalie daftari pamoja. Mimi namfuata Yesu na siwezi kumwambia mteja uongo, ila sitaki upate hasara kwa ajili yangu." Kisha fanya kazi yako vizuri kuliko zamani. Fika kabla ya wengine, daftari lisiwe na shilingi iliyopotea, usichelewe kwa sababu ya mkesha. Mkristo anayesinzia kwenye meza ya mizani kwa kuwa alikesha kanisani anawapa watu sababu halali ya kulalamika. Kwa uaminifu, giza moja linaweza lisitoshe kumshawishi, na mapato yanaweza kushuka mwanzoni kabla wateja wa jumla hawajaanza kuamini magunia yenu. Mwambie hilo pia.

Wakati huohuo anza kuweka akiba ya kodi ya miezi miwili na chakula cha mwezi mmoja, hata kama ni kwa Sh 2,000 kwa siku. Mtu mwenye kodi mkononi huongea kwa utulivu. Ila usiifanye akiba kuwa kisingizio cha kuendelea kudanganya mpaka itimie.

Rafiki zako sina mengi ya kusema juu yao. Wakikuita mlokole, itikia, "Ndiyo, nasali, nawe karibu Jumapili," kisha rudi kwenye mlichokuwa mkiongea. Dhihaka isiyopata hasira huchoka. Usiwajibu kwa mafumbo ya status, mstari wa Biblia uliotupwa hewani ili fulani ajijue. Huko ni kupigana kwa kutumia Neno, na kila mtu anaona. Kabla ya kula inamisha kichwa sekunde tano, basi. Na pale Mabatini, vyumba vya kupanga mara nyingi vinagawana dari moja, sauti inapita juu ya ukuta: sala ya saa nane usiku kwa sauti kubwa inamwamsha mtoto wa jirani na haimleti mtu kwa Kristo. Bwana mwenyewe alituambia, Mathayo 6, tufunge mlango. Kujificha kwa hofu na kusali sirini kwa unyenyekevu havifanani. Jipime hivi: ukiulizwa, utasema kweli? Kama ndiyo, mlango uliofungwa si dhambi.

Wakikubana kwa maswali ya dini usiyoyajua, usijifanye mwalimu. Yule kipofu wa Yohana 9 alibanwa na wasomi, akajibu kwamba asilolijua halijui, ila neno moja analijua, alikuwa kipofu na sasa anaona. Wazazi wake waliogopa kutengwa na sinagogi, wakasema, "Muulizeni yeye." Yeye alisema kweli na akatolewa nje, na Yesu aliposikia wamemtoa, akamtafuta mpaka akamwona.

Na utaanguka, mwanangu. Ipo siku utaulizwa na utacheka na kukana. Usipite wiki. Rudi kwa mtu yuleyule na useme, "Juzi uliniuliza kama nasali, nikacheka. Ukweli ni kwamba nasali." Yohana anautaja moto wa makaa mara mbili, pale Petro alipokana na pale ufukweni Bwana alipompikia samaki na kumwuliza mara tatu kama anampenda. Alirudishwa mbele ya moto uleule. Marekebisho ya namna hiyo yana nguvu kuliko kama usingekuwa umeanguka, kwa sababu aliyekusikia ukikana anajua yamekugharimu nini.

Haya yote huwezi peke yako. Tafuta watu wawili wa kanisani, wanawake waliokuzidi umri, wanaoweza kupokea simu yako saa tatu usiku, na waambie tarehe ya kwenda kwa baba mkubwa na tarehe ya kuongea na tajiri ili wasali saa hiyohiyo na wakupigie baadaye. Ziwa letu lina ushahidi wa hili. Mwishoni mwa 1882 wamisionari Wakatoliki waliondoka Buganda, wakaja huku kusini na mwaka 1883 wakafungua misioni Bukumbi. Hadi waliporudi mwaka 1885, waamini wa Buganda walikaa bila padri, wakifundishana na kuombeana katika vikundi vidogo, hata ndani ya jumba la Kabaka. Idadi yao iliongezeka. Kutoka katika vikundi hivyo alitokea Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi mwaminifu wa Kabaka Mwanga, aliyeuawa Novemba 1885, kisha Karoli Lwanga na wenzake waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Wewe huendi Namugongo. Ila ujasiri wao ulilelewa kwa njia ambayo hata wewe unaweza kuipata: watu wachache, wanaojuana kwa majina, wanaokutana kila wiki.

Ikiwa utafukuzwa kazi kwa sababu ya dini yako, kuna sheria. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wako wa kuabudu, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya dini. Malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, kwa hiyo tangu sasa andika tarehe na maneno, na utunze ushahidi wa malipo yako ya mshahara. Ndugu akikupiga au kukutishia, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kuvumilia matusi ni jambo moja, kuvumilia kipigo hujaamriwa.

Baba mkubwa akikutenga, usimtenge. Mpigie kila Jumapili alasiri hata asipopokea, tuma matumizi ya bibi tarehe zilezile ulizokuwa ukituma, fika kwenye kila msiba wa ukoo uwe wa kwanza kushika ndoo. Mpe mwaka, au miwili. Na siku ile utakapokwenda kumwambia, akiikataa sukari yako, usirudi nayo Mwanza; mwachie shangazi, ataijaza kwenye chai ya mzee taratibu.